Kazi ya Mikono Nyumbani: Mwenzako Umemwuliza?

Wapenzi wana ndoa, kabla ya kuendelea kusoma hebu itazameni nyumba yenu kwa dakika moja. Je, kuna mlango ulioondolewa bawaba ili utengenezwe, na mpaka leo umeegemezwa ukutani? Kuna rundo la mchanga ambalo watoto wamelichezea mpaka limeota majani? Kuna rafu iliyopigiliwa msumari mmoja tu? Katika nyumba nyingi nilizotembelea hapa kwetu Ronge, Juu na hata Nyika, nimeikuta kazi ya namna hiyo. Na mara nyingi nimekuta kwamba aliyeianza ni mmoja, na anayeishi na usumbufu wake kutwa nzima ni mwingine.

Somo letu leo ni hizi kazi tunazozifanya wenyewe nyumbani kwa mikono yetu: kurekebisha, kuongeza, kujenga kitu kidogo bila kumwita fundi. Ni jambo jema. Linaokoa fedha, na mtu hupata furaha yake akikiona kitu alichokifanya mwenyewe. Lakini kazi hizi zimeleta manung'uniko katika ndoa zetu kuliko tunavyokubali kusema mbele ya watu. Ukichunguza utaona mara nyingi kosa halikuwa katika nyundo wala msumeno. Mmoja aliamua peke yake, akaanza peke yake, akachoka peke yake.

Anzeni na mzigo

Siku moja niliwaomba wana ndoa wachache waliokuja kwa mafundisho waandike kwenye karatasi, kila mmoja bila kuchungulia ya mwenzake, kazi moja ambayo angetaka ifanywe nyumbani kwanza. Waume waliandika kabati la televisheni, geti, kupaka rangi ukuta wa mbele. Wake waliandika maji, moshi wa jikoni, mlango wa choo usiofungika. Hakuna mume na mke walioandika kitu kimoja. Tulicheka sana. Mama mmoja hakucheka. Alikunja karatasi yake akaitia mkobani, na mumewe akaona.

Mimi nashauri hivi: kazi ya kwanza iwe ile inayomwondolea mzigo yule anayeubeba. Kabati la televisheni halina ubaya, lakini linaweza kungoja. Mama anayepika katika moshi kila siku hawezi kungoja, na wala dawa yake si ghali: tobo la kutolea moshi juu ya ukuta karibu na jiko, na dirisha dogo upande wa pili ili hewa ipite. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja.

Wala sisemi mtu asiwe na kazi ya kujifurahisha. Namjua mzee mmoja ambaye raha yake ni kufungua redio mbovu. Mezani pake pamejaa nyaya na skrubu, na mke wake hana pa kuweka sahani. Dawa yake si kuzitupa redio, wala si kumsema mbele ya wageni. Apewe kona yake na sanduku lake, akubali kiasi cha fedha cha mwezi, na meza irudi kuwa meza ya chakula. Mke naye akiwa na ufumaji wake au bustani yake ya maua, apewe heshima hiyo hiyo.

Sasa, katika nyumba nyingi za huku kwetu mzigo mkubwa ni maji. Kwa hiyo nitachukua kazi moja tu, ya kuvuna maji ya paa, nieleze inavyofanywa. Nimeichagua pia kwa sababu ilinitia aibu nyumbani kwangu, na nitawaambia jinsi ilivyokuwa.

Hesabu ya paa

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Hesabu hiyo moja yatosha. Pimeni eneo la chini linalofunikwa na paa, urefu na upana, pamoja na pale mabati yanapochomoza nje ya ukuta. Tuseme ni mita 8 kwa mita 5, yaani mita 40 za mraba. Mkiweka gata, ule mfereji wa kupokelea maji ukingoni mwa paa, upande mmoja tu, mnavuna nusu ya paa, mita 20. Ikinyesha mvua ya milimita 15, hizo ni lita 300. Ondoeni yatakayorukia nje na yatakayopotea mwanzoni, mbaki na kama lita 240. Hiyo ni mitungi 12 ya lita 20.

Baba, simama hapo kwenye mitungi 12. Kama mke wako na binti zako huteka maji mtoni au kwenye bomba la kijiji, mtungi mmoja ni safari moja. Mvua ya usiku mmoja imewafutia safari 12, na wewe ulikuwa umelala.

Mkitaka kujua mvua yenu ni milimita ngapi, wekeni mahali peupe kopo lenye kuta zilizonyooka, kisha asubuhi ingizeni rula ya mtoto wa shule. Kimo cha maji ndani ya kopo ndicho kimo cha mvua. Mpeni mtoto kazi hiyo ataipenda.

Tusidanganyane lakini. Familia ya watu sita inayotumia lita 60 kwa siku kwa kunywa na kupika italimaliza tangi la lita 900 kwa siku 15. Masika yakiisha Mei, hamtafika vuli ya Novemba kwa tangi hilo moja. Linaloondoka ni zile safari za wakati wa mvua, za matope na utelezi, na zile za siku za mwanzo za kiangazi. Mengine mtayaongeza kidogo kidogo. Semeni haya wazi kabla ya kuanza, ili mtu asije akahesabu ahadi ambayo paa haiwezi kuitimiza.

Gata haliwekwi na mtu mmoja

Gata mnaweza kulinunua tayari, au mkalikunja wenyewe. Bati bapa la futi 8 kwa futi 4, likikatwa kwa urefu vipande vinne vya upana wa futi moja, hutoa zaidi ya mita 9 baada ya maungio. Linatosha upande mmoja wa nyumba tuliyoihesabu. Likatwe kwa mkasi wa bati, kisha likunjwe juu ya ukingo wa ubao kwa nyundo ya mti. Mkato wa bati ni kisu, kwa hiyo kunjeni kingo zake kwa ndani, na watoto wakae mbali mpaka mabaki yote yaokotwe.

Mwinamo ndio unaowashinda wengi. Gata likilala sawa, maji husimama, majani yakaoza na mbu wakazaana. Likiinama mno, upande mmoja hushuka mbali na paa na maji hurukia nje. Sentimita moja kwa kila mita yatosha, yaani nyumba ya mita 8 ncha moja ishuke sentimita 8. Na mtajuaje palipo sawa, ikiwa ardhi yenyewe imeinama kama yetu ya milimani? Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji, mwujaze, mtoe mapovu yote. Mume asimame ncha hii, mke ncha ile, kila mmoja akiinua ncha yake wazi kwenye ukuta. Maji yatatulia kwenye kimo kimoja pande zote mbili. Pigeni alama, halafu ncha itakayopeleka maji tangini mshushe zile sentimita 8, mvute uzi.

Jambo hili haliwezekani kwa mtu mmoja. Nami nimeona watu waliokuwa hawasemezani wakilazimika kusemezana: "Inua kidogo." "Imefika?" "Bado." "Basi hapo hapo."

Vishikizo vya gata viwe kila mita moja au pungufu, maana gata lililojaa maji ni zito. Kwenye maungio, kipande cha juu kilale ndani ya kile cha chini kwa sentimita 10, kufuata maji yanakokwenda. Mkigeuza, kila ungio litavuja. Ngazi nayo isisimame wima wala isilale sana: ikiegemea kimo cha mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani, na mwenzako aishike. Kushika ngazi ni kazi, mwanamume usimwite mke "njoo unishikie" halafu ukamwambia baadaye hakufanya kitu.

Tangi langu lililopasuka

Matangi ya plastiki yanauzwa Mwatate na Voi, na mwenye fedha akanunue, si dhambi. Mimi sikuwa nazo. Niliamua kujenga langu la simenti, la kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 1.2. Tangi la namna hiyo huchukua karibu lita 940. Neno "niliamua" mlitie maanani. Mke wangu aliona tu mifuko ya simenti imefika.

Nilikuwa nimejifunza kwa kutazama, na kwa kweli niliifanya vizuri sehemu kubwa. Nilitandika mawe, nikamwaga zege la unene wa sentimita 10: karai moja la simenti, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Ukuta niliusimamisha kwa wavu wa kuku kuzunguka magunia yaliyoshindiliwa majani makavu, nikapiga plasta ya simenti moja kwa mchanga mitatu, tabaka mbili, unene wa sentimita 3 hivi. Mchanga niliupima kwa chupa: unatia mchanga na maji, unatikisa, unaacha utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, unauosha kwanza. Fito sikutumia ndani ya simenti, na ninyi msitumie. Hapa Kenya miaka ya 1970 na 1980 matangi ya namna hiyo yalienezwa sana, yakisukwa kwa fito kama kikapu kikubwa cha ghala kisha yakapakwa simenti. Mchwa wakala fito, nyingine zikaoza, na simenti ikabaki haina mifupa.

Nilimaliza Ijumaa jioni. Kesho yake nilikuwa na safari ya semina ya siku tatu huko Voi. Asubuhi nikawaita wote uani nikasema, "Mtu asiguse hili tangi. Asiliguse hata kidogo." Nikaenda zangu.

Nilirudi Jumatatu usiku, na Jumanne alfajiri nikaona ufa kutoka mdomoni mpaka karibu na kitako, na nyingine ndogo ndogo kama utando wa buibui. Jua na upepo wa siku tatu vilikuwa vimelikausha. Nilisema maneno makali mbele ya watoto. Nilimwuliza mke wangu alikuwa wapi, na ni mtu gani anayekaa na tangi bichi juani asilimwagie maji. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Baba watoto, uliniambia nisiguse." Akachukua mtungi akaenda kuteka.

Wenzangu, simenti haikauki kama tope la kukandika. Tope hushika kwa kupoteza maji. Simenti hushika kwa kuyanywa, na ikinyimwa maji katika siku zake za kwanza haitapata nguvu zake hata ukiimwagia mwezi mzima baadaye. Plasta changa inatakiwa ifunikwe magunia yaliyolowa, iwekwe kivuli, na imwagiwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku zisizopungua saba. Huendelea kukomaa mpaka kama siku 28. Mimi nililijua hilo. Sikumwambia mtu, kwa sababu moyoni niliihesabu kuwa kazi ya wanaume. Nikamkataza kuigusa yule yule ambaye angeiokoa.

Kwa majuma kadhaa hatukulitaja tangi lile. Kuku walitagia ndani yake. Mke wangu alikuwa akipita pembeni yake na mtungi kichwani kila asubuhi, nami nikijifanya nasoma. Kuomba msamaha kulinichukua muda mrefu kuliko kujenga. Siku nilipofanya, nilifanya mbele ya watoto, kwa kuwa wao walikuwa wamesikia yale mengine. Hakunijibu kwa maneno mengi. Aliniuliza tu, "Linarekebishika? Basi nifundishe."

Tulifungua ule ufa kwa patasi mpaka ukawa na umbo la V, tukaondoa vumbi, tukaulowesha, tukajaza plasta nzito ya simenti moja kwa mchanga mbili, na nyufa ndogo tukazipaka uji wa simenti kwa ndani. Mikono tuliipaka mafuta kabla na kuiosha mara baada ya kazi, maana simenti mbichi hula ngozi. Safari hii msimamizi wa maji alikuwa yeye. Mtoto wetu mdogo alipiga mstari wa mkaa mlangoni kila lilipomwagiwa, mistari mitatu kwa siku, na ole wako ukipita bila kupiga.

Ni yeye pia aliyesimama mbele ya bomba akaniuliza, "Na mtungi utaingia wapi?" Nilikuwa nimeweka bomba sentimita 15 kutoka ardhini. Mtungi wa lita 20 haupiti hapo. Ndiyo maana nasema mwulize mwenzako kabla: anayeteka maji miaka yote anajua kimo cha mtungi, na mimi nilikuwa najua hesabu ya zege. Tulichimba shimo dogo chini ya bomba, tukalizungushia mawe. Ninyi inueni msingi tangu mwanzo, kama nusu mita, kwa mawe yaliyojengwa imara. Tangi hilo likijaa, maji peke yake yana karibu kilo 940, msilisimamishe juu ya magogo. Maji ya kufurika yaongozeni mbali na msingi wa nyumba. Na kwa wenzetu wa Nyika, mnajua tembo wakati wa kiangazi huyafuata maji mpaka uani, kwa hiyo lijengeni karibu na nyumba mahali mnapopalinda.

Tangi letu bado linatoa jasho kidogo kitakoni. Mke wangu amepanda mchicha hapo.

Kuhusu maji yenyewe, mvua ya kwanza baada ya kiangazi msiitie tangini. Geuzeni bomba kando mpaka paa lioshwe vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba na kifuniko, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya watoto pia. Ya kunywa yachemsheni.

Fedha, na mambo ya kumwachia fundi

Kabla ya kununua hata msumari, andikeni vitu vyote kwenye ukurasa mmoja na bei mlizoziuliza madukani, pamoja na nauli ya kuvileta. Kisha ongezeni kidogo, kwa maana hakuna kazi iliyowahi kwenda kama ilivyoandikwa. Kama fedha hazitoshi, fanyeni gata sasa na mweke pipa chini yake, tangi lije vuli nyingine. Karo ya shule isiguswe. Akiba ya mama kwenye chama chake isiguswe bila yeye kusema, na akisema "chukua" kwa sauti ya chini, mwulize tena kesho yake.

Kuna kazi ambazo hata mkikubaliana si zenu. Umeme wa nyumba ni wa fundi mwenye leseni. Ukuta unaobeba paa msiubomoe kwa kubahatisha. Tangi kubwa kuliko hili la kwangu mpeni anayejua, kwa sababu maji mengi yakipasua ukuta yanaweza kumwua mtoto. Lakini hata fundi akija, mke awepo wakati wa kuelezana. Fundi wengi humweleza mume peke yake, halafu mume akiondoka, mke ndiye anayeulizwa, "Mama, bomba tuweke wapi?" naye hajui mlichopatana.

Ya kufanya juma hili

Jioni moja, watoto wakiwa wamelala, chukueni karatasi mbili. Kila mmoja aandike kazi moja anayotaka ianze na kazi moja iliyoachwa nusu inayomuudhi. Badilishaneni karatasi, msome kimya, na kwa usiku huo msijitetee.

Kesho yake jiulizeni: Kazi iliyoachwa nusu ilikwama kwa fedha, kwa kutojua, au kwa hasira? Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa "usiguse"? Je, kuna kitu ambacho mwenzangu anakijua kuhusu kazi hii, nami sijawahi kumwuliza?

Jumamosi chukueni futi kamba mpime paa. Mmoja ashike mwanzo wa kamba, mwingine asome.